Siku Wakwe Zangu Walipokimbia Baraza

Huku kwetu pwani ya ziwa wapo wanaosema udongo wa Lyulilo ulipotea kwa mdomo wangu. Walianza kusema hivyo nikiwa na meno yote, sasa nimebaki na manne na bado wanasema. Waliosema mwanzo wamekufa, wakawaachia watoto wao maneno hayo kama mtu anavyomwachia mwanawe mtumbwi. Nimechoka nayo. Mwalimu wa kanisani kanipa daftari lililobaki nusu, akasema, bibi, si ulisoma wewe, andika mwenyewe. Nilisoma, ni kweli, masika mawili tu kwa wamisheni, kabla sijaolewa. Walitufundisha herufi kwa kuimba, na mpaka leo siwezi kuandika herufi K bila kuimba kidogo. Kwa hiyo naandika polepole. Atakayeona makosa ayasahihishe moyoni mwake, asinijie mlangoni.

Nianze na udongo wenyewe, maana siku hizi watu wanadhani udongo ni udongo. Ukitoka Lyulilo kuelekea mlimani, mwendo wa kuchemsha magimbi yakaiva, kulikuwa na kijito chembamba chenye miti mikubwa pande zote mbili. Kando ya kijito palikuwa na shimo letu. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, unanata, ukiubinya unatoa sauti kama mtoto anayenyonya. Chungu cha udongo ule kilikaa jikoni mpaka binti akaolewa nacho. Sisi Wakisi hatukuwa na mashamba ya maana, mlima umetusukuma mpaka majini. Wanaume walivua, wanawake tulifinyanga, na vyungu ndivyo vilivyotulisha. Tulivipakia kwenye mitumbwi, tukaenda navyo kwa Wanyakyusa wa tambarare, Ngonga na huko kwingine, na mtu akitaka chungu alikijaza mahindi au maharage, sisi tukaondoka na chakula, yeye akabaki na chungu. Bila udongo ule tungekula samaki na upepo.

Na shimo lile lilikuwa la wanawake. Nasema la wanawake kabisa, sisemi kwamba wanawake walichimba na wanaume wakamiliki, kama mlivyozoea ninyi. Mwanamume hakukanyaga pale. Hakupita karibu, hakuuliza njia, na akitaniwa na wenzake kwamba ameonekana huko, alikasirika kama aliyeambiwa ananyonyesha. Ilikuwa aibu kwake hata kulitaja. Msimamizi alikuwa bibi mmoja mzee, mwembamba, mkali, tulimwita Bibi tu, wala hakuhitaji jina lingine maana hakukuwa na wa kumchanganya naye. Yeye ndiye aliyesema leo mchimbe hapa, kesho pale, na kila ukichimba ulirudisha majani na udongo wa juu, mahali papone. Ukiacha tundu wazi alikuita mbele ya wenzako, akakuuliza kama na nyumbani kwako unalala bila kufunga mlango.

Sasa jambo la pili, na hili vijana hawalielewi hata nikilisema mara mia. Mimi niliolewa Lyulilo kutoka kijiji cha jirani, na mama mkwe wangu alikuwa Mnyakyusa wa Makwale. Alipokuja kwetu alikuja na adabu za kwao zote, hakuacha hata moja njiani, na adabu kubwa kwao ni mke kumwepuka baba mkwe. Si kumheshimu, hapana, kumwepuka. Usimwone uso. Usitaje jina lake. Akija njiani uingie vichakani, ujikunyate, ujifunike kichwa mpaka apite. Na yeye hivyo hivyo, akikuona anageuka kama aliyekumbuka kitu nyumbani. Wala si yeye peke yake. Ndugu zake, marika zake, wazee wote aliokaa nao, kwangu walikuwa wakwe. Kijiji kilishaiga adabu hiyo kutoka kwa majirani zamani, lakini mama mkwe wangu aliikaza kamba. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliutumia vichakani. Niliwajua siafu wote wa Lyulilo.

Mume wangu aliona ni jambo la kuchekesha. Huyo naye ana sehemu yake katika habari hii, tena sehemu ndogo kama alivyokuwa mwenyewe. Alikuwa amebeba mizigo ya Wadachi mpaka mbali, akarudi na Kiswahili, na blanketi, na tabia ya kukaa kimya kila penye jambo. Kiswahili changu mimi nilijifunza kwake baadaye. Ndicho kitu pekee alichonipa ambacho hakikuhitaji kushonwa.

Basi. Ilikuwa zamani za Mdachi, boma lao liko juu kule Tukuyu, na sisi huku chini tulikuwa tunawaona mara chache, wakija kwa kodi au wakitaka wapagazi. Mwaka huo alikuja Mzungu ambaye hakuwa wa boma, alikuwa mtu wa kujitegemea, mwenye kofia pana na goti bovu, akitembelea fimbo. Alitaka udongo wa kufyatulia matofali. Alikuwa amezunguka tambarare yote, akapata tope la mpunga lisilofaa, na mtu mmoja, sijui nani na Mungu amsamehe mimi siwezi, akamwonyesha vyungu vyetu sokoni na kumwambia vinakotoka.

Akarudi na afisa wa boma, askari wachache, hema, mnyororo wa kupimia, na mkalimani mtu wa pwani ya bahari, aliyevaa kanzu nyeupe katika tope letu. Kila hatua aliinyanyua kanzu kama anavuka mto. Walikuja bila kutuma habari. Na walikuja siku ambayo Bibi na wanawake wote wazima walikuwa wamekwenda na mitumbwi kuuza vyungu. Sisi wake wapya tulibaki, maana mke ambaye hajazaa hakuruhusiwa soko la mbali. Walisema atakimbilia kwao. Kwa hiyo siku hiyo kijijini walikuwepo wanaume wote, na wanawake wa kazi ya udongo tuliokuwepo tulikuwa sisi tu, wake wa vijana, na kila mmoja wetu ana wakwe zake wameketi pale mbele. Mama mkwe wangu alikuwepo, lakini yeye hakufinyanga. Hakuwa na neno kwenye udongo zaidi ya alilokuwa nalo paka.

Baraza likawekwa kwenye mchanga, karibu na vichanja vya kukaushia dagaa. Afisa alikaa kwenye kiti cha kukunja, karatasi juu ya sanduku. Wazee wakaketi mbele yake, baba mkwe wangu katikati, maana ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alikuwa na sauti nzuri, lazima niseme, sauti ya kuita mitumbwi katika ukungu. Sisi wake tulijificha nyuma ya uzio wa matete, tukichungulia.

Afisa alisema Kiswahili, mkalimani akageuza kwa Kinyakyusa chake kilichovunjika vunjika. Akauliza, udongo ule wa kando ya kijito, mlimani kule, ni wa nani?

Baba mkwe hakusita. Akasema, "Si wetu."

Na wazee wote wakaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kama watu waliosafishwa jina. Si wetu, si wetu. Mmoja akaongeza kwamba hajawahi hata kupita huko maishani mwake.

Nawaambia, hawakusema uongo. Ndilo linalonikera mpaka leo. Wangesema uongo wangetuokoa. Walisema kweli tupu kwa mtu asiyejua kuuliza. Baba mkwe alikuwa anangoja swali la pili, alisema hivyo mwenyewe baadaye kwa miaka yote: alikuwa anangoja aulizwe, basi kama si wenu ni wa nani, naye angejibu, waulize wanawake, wanarudi keshokutwa. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini swali halikuja. Afisa alishainamisha kichwa, kalamu inakwenda. Amesikia alichokuja kusikia. Yule wa goti bovu alikuwa anatabasamu akiangalia mlima kama mtu anayechagua ng'ombe.

Mtu mzima, msemaji wa kijiji, anakaa na jibu mdomoni kama kipande cha gimbi la moto, anangoja aulizwe. Adabu hiyo. Anamwona mtu anaandika, anajua kuandika kwa Wadachi ni nini, maana kodi ilianza kwa kuandikwa, na bado anangoja aulizwe.

Na mume wangu? Alikuwa amesimama na vijana pembeni. Yeye alisikia Kiswahili chote. Afisa alimwambia yule wa matofali kwa Kiswahili, sijui kwa nini hawakusema kwa lugha yao, labda ili mkalimani awe shahidi, kwamba ardhi haina mwenyewe, itakuwa ya serikali, na wewe utapewa. Mume wangu akasikia. Nilipomuuliza kwa nini hukusema, akanijibu alidhani atasema mwingine.

Nyuma ya uzio sisi hatukuwa na Kiswahili, lakini tulikuwa na macho. Tuliona askari wanafungua furushi la vigingi. Mwenzangu mmoja, mke wa kijana wa nyumba ya pili, mnene, mwoga, akaanza kulia bila sauti. Nikamwambia mimi natoka. Akanishika nguo ya gome niliyojifunga.

"Utatoka uende wapi? Wakwe wamejaa pale."

"Nitakwenda kinyumenyume."

"Watakufa kwa aibu."

"Basi watakuwa wamefanya kitu leo," nikasema.

Nilichukua ungo, nikajifunika nao kichwa, nikatoka nimewapa mgongo. Sikuwaangalia, kwa hiyo adabu nilikuwa nayo, mbele ya Mungu nilikuwa nayo. Nilikwenda kinyumenyume juu ya mchanga mpaka nikakanyaga dagaa wa watu walioanikwa kwenye mkeka, nikasimama. Nikasema kwa sauti, kuelekea ziwani, kwamba udongo una wenyewe, na wenyewe ni sisi wanawake, na mwenye kuusimamia amekwenda kuuza vyungu na atarudi keshokutwa.

Nikasikia hatua kwenye mchanga. Halafu mkalimani.

"Wewe mwanamke, geuka useme na watu."

"Siwezi. Baba mkwe yupo."

"Baba mkwe wako ni yupi?"

"Wote hao."

Nadhani alicheka. Lakini nyuma yangu niliisikia sauti nyingine, sauti ya watu wanaonyanyuka. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo katika nchi zote alizopita Mdachi sidhani lilitokea penginepo. Baba mkwe wangu akanyanyuka. Mke wa mwanawe amesema mbele yake, sauti yake imemwingia masikioni, hakuwa na njia nyingine kwa adabu aliyoijua ila kuondoka. Akajifunika uso kwa kiganja, akaondoka. Ndugu zake nao wakaondoka. Marika zake nao. Wazee wa Lyulilo, watu wazima wenye mvi, walitawanyika kwenye mchanga ule kama kuku walioona mwewe, kila mmoja kajifunika uso, mmoja akajikwaa kwenye kamba ya hema la afisa, akaanguka, akaendelea kwa magoti. Mwenzangu ndiye aliyeniambia, maana mimi nilikuwa naangalia maji.

Baraza likabaki na mimi, mgongo wangu, ungo, na Wazungu wawili.

Afisa akauliza mbona wameondoka. Mkalimani, na huyu simlaumu sana, alikuwa na jua kichwani na tope kwenye kanzu, akasema, wamemaliza, bwana. Afisa akauliza, na huyu mwanamke anasema nini? Mkalimani akasema ni mke wa mtu, amewaudhi wazee. Hayo mume wangu aliyasikia pia, akanisimulia usiku tukila, kwa utulivu, kama anasimulia habari za kijiji kingine.

Wakafunga karatasi. Wakaenda kupiga vigingi. Kwa hiyo mnaposema nilipoteza udongo kwa mdomo, ni kweli kiasi hiki: kama ningenyamaza, wazee wangebaki wamekaa, na labda, nasema labda, swali la pili lingekuja. Mimi siamini. Wanaume hawa wangekaa pale mpaka leo wakingoja. Lakini nimeandika ili msije mkasema nimeficha.

Mama mkwe aliniadhibu kwanza. Hakunipiga. Aliniita ndani, akanikalisha, akasema, "Umemfukuza baba wa mumeo mbele ya wageni. Huko Makwale ungerudishwa kwenu leo leo."

Nikamwambia, "Mama, wamechukua udongo."

Akasema udongo upo mwingi duniani. Mtu wa migomba huyo, amekulia kwenye udongo unaoota kila kitu, angejuaje. Ilibidi kwetu nilikozaliwa walete fahali wa kusafisha kosa, fahali akachinjwa, wazee wakamla, hao hao. Walikula vizuri. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikisikia mifupa inavunjwa.

Bibi aliporudi na mitumbwi imejaa mahindi alikuta vigingi. Hakupiga kelele. Alinitaka nieleze, nikaeleza, akasikiliza mpaka mwisho huku akitoa punje za mahindi kwenye mikunjo ya nguo yake. Kisha akaniambia kesho tunapanda Tukuyu, mimi na wewe. Tulipanda siku tatu. Sitaeleza njia, ilikuwa ni kupanda tu, na baridi ambayo sikujua kwamba ipo duniani, na migomba isiyo na mwisho, na watu wanatuuliza tunakwenda wapi na vyungu viwili kichwani. Bibi alibeba vyungu viwili kama ushahidi. Pale bomani tulikaa nje siku nzima na nusu. Mwishowe karani mmoja akatoka, akatuambia karatasi inasema wazee walikuwepo, waliulizwa, walikana, hakuna aliyedai.

Bibi akamwambia, "Mimi nadai."

Karani akasema muda wa kudai ulikuwa siku ile. Bibi akasema siku ile nilikuwa nauza vyungu. Karani akasema hilo si kosa la serikali. Akaviangalia vyungu, akauliza kama kimoja ni cha kuuza. Bibi akampa vyote viwili bure, nikastaajabu. Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema kushuka na mzigo kunaumiza magoti. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa huyo bwana wa goti bovu akaanza kazi. Alileta vibarua wa kutoka milimani, wanaume, wakaingia kwenye shimo letu na majembe, wakachimba kama wanaomtafuta mtu aliyezikwa. Hakuna kurudisha majani, hakuna kurudisha udongo wa juu. Na matofali yanataka moto. Sisi vyungu vyetu tulichoma kwa nyasi na matete na samadi iliyokauka, moto wa asubuhi moja. Yeye tanuru lake liliwaka siku na siku, likala ile miti mikubwa ya kijitoni, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Miti ambayo Bibi hakuturuhusu hata kuvunja tawi. Masika yaliyofuata mlima ukashuka na matope mpaka kwenye vichanja vya dagaa, na wanaume, kwa mara ya kwanza, wakalalamika. Dagaa wao walichafuka. Hapo ndipo walipogundua kuna jambo.

Lakini matofali yalikuwa yanapasuka. Tanuru la kwanza, nusu yalitoka yamegawanyika kama mikate. La pili, vilevile. Tulisikia, tukacheka mpaka tukashikana. Udongo ule ni mnene mno peke yake, unataka mchanga wa ziwa, tena mchanga wa mahali fulani na kwa kipimo fulani, na kipimo hicho kilikuwa mikononi mwa wanawake. Bwana akatuma mtu: waje wale wafinyanzi waonyeshe. Watapewa ruhusa ya kuchimba pembeni.

Sote tulijua Bibi atakataa. Tulikuwa tumekwisha andaa nyuso za kukataa. Akaenda, mimi nyuma yake. Akakuta rundo la matofali yaliyopasuka, refu kunishinda. Akainama, akaokota kipande, akakivunja, akakinusa, akakilamba. Uso wake ukabadilika. Nilidhani ni hasira. Akamgeukia yule msimamizi wa vibarua akamwambia, hivi ninyi mnaharibu hivi kila siku? Na akakaa chini pale pale, akaagiza mchanga uletwe, akachanganya mwenyewe kwa miguu, akawaonyesha.

Nilimkasirikia njia nzima. Nikamwambia, "Bibi, umewafundisha."

"Ulitaka niuache upasuke?"

"Ndiyo."

"Wewe si mfinyanzi bado," akasema.

Nilikaa miaka na neno hilo tumboni. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki. Najua tu kwamba matofali yakaacha kupasuka, matanuru yakawa mawili, na ile ruhusa ya pembeni ilikuwa ya kuchimba mabaki, udongo wenye changarawe na mizizi. Vyungu vya miaka hiyo vilikuwa vizito na vibaya. Watu wa tambarare waliviinua, wakavigonga kwa kidole, wakavirudisha chini. Mtu anayekirudisha chungu chako chini bila kusema neno, heri akutukane. Bibi alikufa katika miaka hiyo, masika, kwa kikohozi, na kabla hajafa aliwaambia wenzake kwamba msimamizi sasa ni mimi. Mimi, mwenye mdomo. Baadhi yao hawajafurahi mpaka leo na wengine wako kaburini hawajafurahi.

Halafu vita. Waingereza wakaja kutoka upande wa kusini mwa ziwa, Wadachi wakakusanya vitu vyao wakapanda milimani, na bwana wa goti bovu akaondoka nao, amebebwa kwenye machela. Aliacha tanuru, aliacha matofali ambayo watu waliyaiba kwa utulivu, na aliacha shimo. Shimo sasa lilikuwa ziwa dogo. Maji ya kijito, baada ya miti kwisha, yalikuwa yamehamia humo, yakajaa, yakawa ya kijani, yenye kambale. Udongo wetu mzuri ulikuwa chini ya maji yanayofika kifuani.

Wanawake tulijaribu kuyateka kwa mitungi. Siku tatu tulichota, kijito kinarudisha. Ilihitajika mfereji, mrefu na wa kina, ukate ukingo mpaka chini mteremkoni. Kazi ya majembe na vifua. Na wanaume walikuwa wamesimama ng'ambo ya vigingi vilivyooza, kwa mbali, wakituangalia tukichota. Hawakuingia. Adabu. Vibarua wa milimani walikanyaga pale miaka na miaka, ng'ombe walikunywa pale, na wao bado walikuwa wanaona haya kukanyaga.

Wenzangu walisema wasiingie, ni mwiko. Nikawauliza mwiko gani uliobaki hapa, mnauona wapi, nionyesheni. Nikasema waingie.

Baba mkwe alikuwa mzee sasa, lakini ndiye bado msemaji, na hakuweza kusema na mimi. Akamleta mama mkwe asimame katikati. Yeye amesimama upande huu wa kichuguu, mimi upande ule, migongo tumepeana, mama mkwe anageuza kichwa kulia na kushoto.

Akasema, "Mwambie mke wa mwanetu, tuanzie wapi kuchimba?"

Mama mkwe hakuwa na haja ya kunieleza, nilisikia kila neno, lakini akaeleza. Nikasema, mwambie baba waanzie kwenye jiwe kubwa, wateremke kushoto. Akaelezwa. Akasema, mwambie kulia ndiko karibu. Nikasema, mwambie kulia ni karibu lakini chini kuna udongo, mfereji ukiutoboa tutachimba wapi? Akasema, kwa mama mkwe, polepole, "Mwambie sisi hatukujua udongo umefika mpaka huko."

"Mwambie hawakuuliza," nikasema.

Mama mkwe hakulieleza hilo. Alisema tu, "Anasema kushoto."

Wakachimba kushoto. Walichimba vibaya, wanarusha tope kila mahali, wanapiga makelele kama wanavuta nyavu, mume wangu akiwa wa mwisho kushika jembe na wa kwanza kupumzika. Kufika siku ya sita maji yakaanza kwenda. Kambale walibaki wanapapatika kwenye tope na wanaume wakaacha majembe wakawakimbilia, na nikawaacha, maana kazi ilikuwa imekwisha.

Udongo tulioukuta chini ulikuwa wetu lakini haukuwa ule ule. Ulikuwa umelala majini muda mrefu, una harufu, umechanganyika na vipande vya matofali na makaa ya tanuru. Tuliokota vipande kwa vidole, siku nzima kwa kikapu kimoja, na bado vingine vilibaki. Ukifinyanga unakuta kijiwe chini ya kidole gumba. Vyungu vya kwanza nilivyochoma vilitoka na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, ila ukijaza chungu maji, baada ya muda unaona nje kunalowa.

Nilivipaka rangi yetu nyekundu nikavisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa, nikavipakia mtumbwini, nikaenda navyo Ngonga. Mama mmoja akachukua kikubwa kuliko vyote, akakigonga, akakipenda, akakijaza maharage mpaka mdomoni, akaniambia ndaga fijo, ndiyo asante sana ya kwao. Nami nikamshukuru. Habari ya nyufa sikumwambia.